Kuwahi na Kutarajia: Safari ya Kitenzi Kimoja cha Kiingereza

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikijifunza kutafsiri bila ya mwalimu ila kamusi, niliwasomea wenzangu barazani ukurasa mmoja wa Macbeth niliojaribu kuutia katika Kiswahili. Tamthilia hiyo S. S. Mushi alikwisha kuitafsiri nzima, nayo ikatoka mwaka 1968; mimi nilikuwa najipima tu. Nikafika pale mfalme anapoarifiwa kwamba Macduff, mtu aliyekuwa akimkusudia, amekimbilia Uingereza. Mfalme anaugeukia Wakati na kuusemesha kana kwamba ni mtu, na kitenzi anachokitumia ni "anticipate". Kamusi yangu ndogo ilikifasiri kwa neno moja: kutarajia. Basi nikamfanya mfalme aseme kuwa Wakati umeyatarajia matendo yake.

Alikuwapo nahodha mmoja mzee, mpenzi wa mashairi asiyejua Kiingereza hata neno. Akaniuliza, "Mwanangu, huo Wakati unamngojea huyo mfalme, au umemwahi?" Nikamjibu kwamba kitabu kimesema kutarajia. "Labda kitabu," akasema, "lakini mtu aliyetorokwa na windo lake hasemi hivyo. Husema kama asemavyo aliyefika pwani akakuta maji yamekwisha kupwa."

Mzee alisema kweli, na mimi nilichukua muda mrefu kuelewa kwa nini. Wapenzi wa ushairi watanisamehe nikiifuata safari ya kitenzi hiki kimoja tangu kwao hadi kwetu, maana ndani yake mna somo linalomhusu kila anayetia mkono katika kazi ya kufasiri, na hata yule anayetunga kwa lugha yake mwenyewe.

Kitenzi hiki asili yake ni mkono. Kilatini kilikiunda kwa maneno mawili, "ante", yaani kabla, na "capere", yaani kutwaa au kukamata. Maana yake ya kwanza, basi, ni kutwaa kabla. Kiswahili kina neno lililo karibu mno na hilo, nalo ni kudakia. Mtu akiyadakia maneno ya mwenzake huyatwaa yakiwa bado hewani, kabla mwenyewe hajayamaliza. Mwaka 45 kabla ya Masihi, Cicero alipokuwa akiandika juu ya tabia ya miungu, alihitaji neno la Kilatini la kulipokea neno la Kigiriki la Epicurus, "prolepsis", lenye maana ya wazo ambalo akili inalo kabla ya kufundishwa. Alichagua "anticipatio". Naye alikuwa mfasiri, akihangaika na neno geni kama tuhangaikavyo sisi, na aliona kwamba akili pia ina mkono wake wa kutwaa.

Kitenzi kilipoingia katika Kiingereza, karne ya 16, kiliingia na mkono wake huo. Kilimaanisha kuwahi, kutenda kabla ya mwingine hajatenda, kuleta jambo mbele ya siku yake, kulipa deni kabla ya muda wa kulipwa. Macbeth, iliyoandikwa yapata mwaka 1606 na kuchapwa mara ya kwanza mwaka 1623, inasimama juu ya maana hiyo. Mfalme analalamika kwamba Wakati umemtangulia: alikuwa bado analipanga shauri, na mtu wake amekwisha kuvuka mpaka. Kwa hasira ya kuwahiwa anaapa kwamba tangu hapo moyo ukiwaza tu, mkono utakuwa umetenda. Onyesho linalofuata ni la kuuawa mke na watoto wa Macduff. Ukisema kwamba Wakati "uliyatarajia" matendo yake, umeikata kamba inayolifunga neno na damu iliyomwagika baada yake. Msikilizaji atawaona watoto wanauawa, wala hatajua ni kitu gani kilichomkimbiza mfalme.

Francis Bacon naye, katika kitabu chake cha Kilatini Novum Organum cha mwaka 1620, alilitumia neno la ukoo huohuo kwa lawama. Aliwagawa wanaoitafuta elimu ya maumbile kwa njia mbili: ipo ya kufasiri kwa subira, hatua kwa hatua, na ipo ya kurukia hukumu kabla ya ushahidi kutosha. Hii ya pili ndiyo aliyoiita kwa neno letu. Ni mkono ule ule, ila mara hii umechuma embe bichi.

Jee, mkono huu uligeuka vipi kuwa jicho? Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inatuonyesha njia panda. Maana anayoitanguliza ni ya kutwaa mapema ili mwingine asipate. Lakini chini yake ameweka nyingine: kuonja kitu ambacho bado hakijawa, kana kwamba kimekwisha kuwa. Hapo ndipo daraja lilipo. Mwenye kuionja furaha ya kesho leo hii amefanya tendo, ameitwaa kabla. Ila tendo lenyewe limo moyoni, halionekani kwa macho. Watu wakaendelea kulitumia hivyo, ladha ikapungua, mkono ukalegea, na tangu karne hiyo ya 18 kitenzi kikaanza kutumika kwa maana ya kutazamia tu, hata kama anayetazamia amekaa kitako na hafanyi lolote.

Mahali palipoihifadhi maana ya kale kwa muda mrefu ni sheria. Uingereza ilikuwa na kanuni iliyoweza kuwekwa katika hati ya mali ya mwanamke aliyeolewa, kumzuia asiuze wala asiweke rehani mapato yake ya baadaye. Kanuni hiyo ilitajwa kwa jina la kitenzi hiki: mke alizuiwa kutwaa leo kilicho chake cha kesho. Ilifutwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1949. Hakimu wa siku hizo angelifasiri neno kwa maana ya kutarajia, angesema kwamba mke alikatazwa kuwa na matumaini.

Kwa upande mwingine wamekuwapo walinzi wa lugha waliokataa mageuzi haya. Mmarekani Ambrose Bierce, katika kijitabu chake cha mwaka 1909 juu ya makosa ya uandishi, alishikilia kwamba kitenzi hiki lazima kibebe tendo, si kungojea pekee. Ernest Gowers, Mwingereza aliyewafundisha watumishi wa serikali kuandika kwa maneno mepesi, aliwaonya wasikichanganye na kile cha kutazamia, ingawa mwenyewe alikiri kwamba huenda vita hivyo havina tena faida. Wako wanaotoa mfano wa bwana na bibi harusi: kuitarajia ndoa ni jambo moja, na kuiwahi ndoa ni jambo jingine, ambalo wazazi hawataki kulisikia. Mfano ni wa mzaha, lakini hukumu yake ni sahihi. Walinzi hao walishindwa kulishika neno, ila tofauti waliyoilinda ni ya kweli na haijafa. Lugha ikiacha kuitofautisha kwa neno moja, mwandishi hana budi aitofautishe kwa njia nyingine.

Kitenzi hiki si yatima. Ukoo wake wote umehama nyumba. "Expect" kimetoka katika Kilatini cha kuangalia nje, kama vile kutazamia kwetu kulivyotoka katika kutazama. "Wait", ambacho leo ni kungoja kwa subira, kiliingia kutoka Kifaransa cha kaskazini kikiwa na maana ya kuvizia, kumchunga mtu kwa nia mbaya. Na "prevent", ambacho leo ni kuzuia, asili yake ni kuja mbele. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inakitumia kwa maana hiyo ya kale: katika Zaburi ya 119 mwenye kuomba ameamka kabla ya alfajiri, lakini msomaji wa leo asiyejua atadhani mtu huyo aliizuia alfajiri isipambazuke.

Mwalimu Julius Nyerere alipofasiri Julius Caesar, tafsiri yake ikatoka mwaka 1963 na kurudiwa mwaka 1969, alipita kwenye mlango huohuo. Brutus yuko bustanini usiku, anajadiliana na nafsi yake: Kaisari hajafanya uovu bado, lakini akivikwa taji huenda akaufanya. Kitenzi kinachofunga hoja yake ni hicho "prevent". Kisome kwa maana ya leo, na Brutus ni mlinzi anayezuia hatari. Kisome kwa maana ya zamani, na ni mtu anayemuua mwenzake kwa kosa ambalo bado halijazaliwa. Hukumu yote ya tamthilia imo katika pengo lililo kati ya kuzuia na kuwahi.

Tusiwacheke Waingereza, kwani vitenzi vyetu navyo vinasafiri. Kuwahi ni kufika kwa wakati, lakini tukimuuliza mtu, "Umewahi kufika Pemba?" hatuulizi kama alichelewa jahazi. Kuotea ni kuvizia; ni kubahatisha; na uwanjani ni kosa la mshambuliaji aliyetangulia mahali ambapo hakupaswa kuwapo bado. Maana hizo zimekaa pamoja bila ya kugombana, kwa kuwa kila moja ina uwanja wake.

Linalonitia wasiwasi ni hili la kutegemea. Kutarajia kuna mzizi wa Kiarabu wa raja, matumaini, na kutegemea ni kuegemea kitu kikubebe. Siku hizi tunasoma na kusikia kwamba wageni "wanategemewa kuwasili", nasi tunaelewa na kupita. Lakini nimesikia pia kwamba maafa "yanategemewa kuongezeka". Nani anayeyaegemea maafa? Lugha yetu ilikwisha kutupa kutarajia kwa kheri, kuchelea kwa shari, kutazamia kwa lolote lijalo, kutegemea kwa kile tusichoweza kusimama bila ya hicho, na kuwahi kwa mwenye kutenda. Mshairi anayemwambia mpenziwe "nakutarajia" amemwachia mlango wazi. Anayemwambia "nakutegemea" amemtwika mzigo. Tukiyafanya maneno haya kuwa moja, shairi la mapenzi litapoteza mambo mawili kwa mpigo: uhuru wa anayengojewa na udhaifu wa anayengoja.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni mbili ninapokutana na kitenzi cha namna hii. Kwanza nauliza umri wa andiko, kwa sababu neno la mwaka 1606 na neno la leo huweza kufanana sura na kuachana roho. Pili nauliza swali la nahodha: huyu anangoja, au amewahi? Jibu halimo katika kamusi. Limo katika kile mtu anachokifanya mara tu baada ya kusema. Mfalme aliyesema neno lile alituma wauaji, na tendo lile ndilo fasiri ya neno lake.

Ukurasa ule niliuandika upya. Safari hii Wakati umemwahi mfalme, na mstari umepata pumzi ambayo hapo mwanzo haukuwa nayo. Nilikusudia kuurudisha barazani, nimsomee mzee aliyeusahihisha bila ya kuujua. Nikawa naupiga msasa, nabadilisha neno hapa na pale, nikidhani muda upo. Nahodha alitangulia mbele ya haki kabla sijamaliza. Sikuwahi kumsomea.