Ukungu wa Usambara: Mhakiki Aufute au Auache?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Chumbageni, Tanga. Kaka yangu alinikabidhi picha aliyoipiga asubuhi juu ya paa la ghorofa, akielekea magharibi. Mbele kuna mapaa ya mabati na mashuka meupe ya Mama yaliyoanikwa. Nyuma kabisa ni milima ya Usambara ya Mashariki, imefifia kwa ukungu. "Wewe unayeshinda kwenye kompyuta, hebu ondoa huo ukungu tuichape kubwa, tuitundike sebuleni."

Nikaifanya kazi hiyo kwa programu ya kusafishia picha. Milima ilitoka, bwana! Hata mikunjo ya mabonde ilionekana. Nikamwita Mama kwa majivuno. Akatazama, akauliza mambo mawili tu: "Mlima umehamia lini nyuma ya nyumba ya jirani? Na mashuka yangu nani kayafua hivi?" Kweli, mashuka yalikuwa ya kijivu.

Makala haya yanatokana na maswali hayo, kwani kwa mtazamo wangu ni maswali ya uhakiki.

Tuanze na mashuka. Mwaka 2009 watafiti Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang walieleza mbinu iliyopata umaarufu katika kazi hii. Waliona kwamba katika picha safi ya nje, ukiacha anga, karibu kila kipande kidogo kina nukta ambamo angalau rangi moja kati ya nyekundu, kijani na buluu ni hafifu mno. Ukungu huongeza mwanga mweupe juu ya giza hilo. Basi programu hupima weupe uliozidi, ikauhesabu kuwa ukungu, ikautoa. Kasoro yake, ambayo watafiti wenyewe waliikiri, ni kwamba kitu kilicho cheupe kwa asili nacho hudhaniwa kuwa ukungu.

Tuje kwenye mlima. Kutoka Tanga mjini hadi Muheza, chini ya milima hiyo, ni zaidi ya kilomita 30. Mvuke na vumbi vilivyomo katika hewa yote hiyo hutawanya mwanga, na jicho huusoma mtawanyiko huo kama umbali. Ukiufuta, umefuta habari.

Sasa niungame. Nikiwa mwaka wa kwanza niliandika insha kuhusu Kusadikika ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, karibu na mji wetu. Riwaya hiyo ilitoka 1951, chini ya utawala wa Waingereza, nayo inasimulia nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Mimi nikafuta ukungu wote: Kusadikika ni Tanganyika, Waziri Majivuno ni mkoloni, basi, kwisha! Nikapata alama nzuri. Lakini nilikuwa nimeusogeza mlima. Karama wangu alibaki kuwasema Waingereza peke yao, nao bendera yao ilishushwa 1961. Wakubwa waliokuja baadaye wakapona. Umbali ule uliiwezesha riwaya kusema mbele ya mkoloni, na ndio unaoiwezesha kusema mbele ya kila Majivuno ajaye. Na mashuka? Palipokuwa na maneno meupe, yanayosema yanachosema, nikayadhania fumbo nikayatia kijivu.

Je, tusisafishe chochote? La hasha. Ipo picha iliyofifia kwa sababu kioo cha kamera kilishikwa kwa vidole vyenye mafuta. Ukungu huo ni wa chombo, uondolewe. Vivyo hivyo, msamiati uliopitwa na wakati hatuna budi kuueleza. Ila kabla ya kusafisha, mhakiki ajiulize: ukungu huu uko kwenye kioo, au uko kati yangu na mlima?

Sebuleni tumetundika picha ile ya kwanza. Kaka bado ananung'unika kwamba mlima hauonekani. Mama humjibu, "Unaonekana. Uko mbali." Wenzangu wa semina mnaokubaliana na Kaka, karibuni mnipinge.