Sikio la Mpima Tansio

Katika wilaya ya Kikula, Likasi, muuguzi hodari wa kupima tansio humtambua mgonjwa aliyefika kwa miguu kutoka sokoni, wala hamgusi papo hapo. Kwanza mama ataketi dakika tano, ameegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo. Akianza habari za wajukuu ataambiwa, "Mama, tutaongea nikimaliza." Maongezi hupandisha tansio.

Mkanda hufungwa kwenye mkono mtupu, si juu ya sweta. Vidole vinashika mshipa wa kifundo cha mkono huku hewa ikijazwa. Mapigo yakipotea, huongeza milimita 30 za zebaki, kisha huiachia hewa pole pole, milimita mbili kwa sekunde, akisikiliza kwenye kunjo la kiwiko. Pigo la kwanza ndiyo namba ya juu. Sauti inapotoweka, ya chini. Nikolai Korotkoff alizieleza sauti hizo mwaka 1905.

Halafu anaandika 142 kwa 88. Mwenye haraka angeandika 140 kwa 90, na hapo ndipo ninapomvulia kofia huyu wa kwanza.

Tofauti ndogo kama hizo zina maana kwa wanaotafuta chanzo cha tansio ya juu. Tansio huongozwa, kwa sehemu, na mnyororo wa homoni. Figo hutoa renini, nayo huikata protini ya ini iitwayo anjiotensinojeni. Hatua inayofuata huzaa kemikali inayobana mishipa na kuziamuru tezi za juu ya figo zitoe aldosteroni, mwili ubaki na chumvi. Mwaka 1992 Xavier Jeunemaitre na wenzake walihusisha aina moja ya jeni ya anjiotensinojeni na tansio ya juu katika familia za Utah na Paris. Aina hiyo Waafrika wengi wanayo. Lakini jeni nyingi za kawaida zilizogunduliwa tangu hapo husogeza tansio kwa milimita moja hivi, pengine pungufu. Daftari ambalo kila namba inaishia na sifuri litaionaje milimita moja? Mashine ya maabara inayosoma jeni haina dawa ya hilo.

Wagonjwa wengi wenye asili ya Afrika wana renini ya chini, ndiyo maana amlodipini mara nyingi huwafaa kuliko kaptoprili peke yake. Huo ni wastani wa kundi. Kuhusu mama huyu hausemi mengi. Basi muuguzi anapima tena, foleni ikinung'unika: 138 kwa 86. Anaiandika chini ya ile ya kwanza, kisha anamwuliza makayabo, yule samaki wa chumvi, anakula mara ngapi kwa wiki.