Tazama Kizuizi Kwanza: Namna ya Kupima Tamthilia Zilizotokana na Riwaya za Mapenzi za Zamani

Mtu akikuambia ametazama tamthilia nzuri iliyotokana na riwaya ya mapenzi ya zamani, usimwulize habari za maleba, majumba wala uzuri wa steringi. Mwulize wale wawili walizuiwa na nini wasioane siku ile ile walipopendana. Akikujibu bila kusita, na akaueleza uzito wa kizuizi hicho kana kwamba kimempata jirani yake wa ukuta kwa ukuta, basi waliotengeneza tamthilia hiyo walijua kazi yao. Akisema tu kwamba "walikuwa wanapendana sana ila mambo yakawa magumu", alichotazama ni picha za watu waliovaa vizuri.

Hapa Iringa tuna faida katika jambo hili, na sidhani kama tunaithamini inavyostahili. Juni na Julai baridi ikibana, nyumba za Kihesa, Mwangata na Gangilonga hufungwa mapema, jiko la mkaa huletwa karibu, na king'amuzi ndicho kinachokusanya familia sebuleni. Aliyekaa pale akimtazama binti wa Kiingereza wa mwaka 1813 anaijua posa. Ameona mshenga akitumwa na kurudishwa. Amewasikia wazee wakijadili ng'ombe, mkaja wa mama na blanketi la bibi kabla neno upendo halijatamkwa na yeyote. Mtazamaji kijana wa London ndiye anayehitaji kuelezwa kwa nini Elizabeth Bennet hawezi kuolewa au kukataa kuolewa apendavyo. Wa Iringa anahitaji kuonyeshwa hesabu tu, mengine atayamaliza mwenyewe.

Hesabu yenyewe katika Pride and Prejudice ya Jane Austen ni hii. Bwana Bennet anapata pauni 2,000 kwa mwaka, ana mabinti watano, hana mtoto wa kiume, na kwa masharti ya urithi shamba la Longbourn litakwenda kwa Bwana Collins, ndugu wa ukoo. Darcy, anayempenda Elizabeth, anapata pauni 10,000 kwa mwaka. Kila ngoma inayochezwa katika kitabu kile inachezwa juu ya tarakimu hizo. BBC walipokitengeneza mwaka 1995 kwa sehemu sita, kwa muswada wa Andrew Davies, walijipa muda wa kutosha kuziweka tarakimu hizo masikioni mwa mtazamaji. Ndiyo maana kelele za Mama Bennet, alivyomwigiza Alison Steadman, zinachekesha mwanzoni, kisha taratibu unaanza kuona kwamba katika nyumba ile yote ni yeye peke yake anayeogopa kinachostahili kuogopwa. Filamu ya Joe Wright ya mwaka 2005 haikuwa na saa sita. Ikatumia njia nyingine: nguruwe anapita ndani ya nyumba, pindo la gauni limejaa tope, ukuta umebabuka rangi. Katika dakika chache umeshajua kwamba hawa si matajiri, na kwamba baba akifa leo kesho watahama. Njia zote mbili ni halali. Isiyo halali ni ile ya kuwaweka mabinti wa Bennet katika jumba linalong'aa, kisha kututaka tuamini kwamba wana shida.

Kizuizi kinaweza pia kuwa kizito vitabuni na kikapoteza uzito mikononi mwa wapiga picha. A Escrava Isaura, riwaya ya Bernardo Guimarães ya mwaka 1875, inamhusu mtumwa wa Brazil anayewindwa na bwana wake huku akipendwa na mwanamume mwingine. Hakuna kizuizi kizito kuliko sheria inayomfanya mtu kuwa mali ya mtu. TV Globo waliigeuza tamthilia mwaka 1976, Lucélia Santos akawa Isaura, na ikauzwa nchi nyingi sana duniani. Lakini Isaura wa kitabuni na wa kwenye runinga ana ngozi nyeupe, na machozi yote yanaelekezwa kwake, wakati Waafrika waliomzunguka wanabeba kuni na maji nyuma ya picha. Mtazamaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kulisema hili waziwazi: tamthilia inayokuomba umhurumie mtumwa mmoja kwa sababu hafanani na watumwa wenzake imekipima kizuizi chake vibaya, hata kama inaliza.

Waturuki wametupa mfano ulio kinyume. Aşk-ı Memnu ya Halit Ziya Uşaklıgil ilitoka kwanza jaridani kati ya mwaka 1899 na 1900. Bihter, binti mdogo, anaolewa na Adnan, mjane tajiri mwenye watoto, kisha anampenda Behlül, kijana wa ukoo wa mumewe anayeishi humo humo ndani. Mwaka 1975 Halit Refiğ aliitengeneza kwa sehemu sita, akabaki katika zama za kitabu. Kati ya mwaka 2008 na 2010 ikatengenezwa tena kwa sehemu 79, safari hii watu wakiwa na simu na magari. Ningetegemea ya pili ianguke, kwa sababu ukiileta hadithi ya kale katika siku zetu kizuizi chake mara nyingi huyeyuka: wapendanao wangepanda basi wakaenda zao. Haikuanguka, kwa kuwa kizuizi cha hadithi hii ni nyumba. Meza ni moja, ngazi ni moja, na kila mlango una mtu nyuma yake. Familia ikiishi hivyo, mwaka hauna maana. Kwa hiyo ukisikia riwaya ya zamani "imeletwa kisasa", jiulize kizuizi chake kilikuwa sheria, fedha, rangi, dini au nyumba, na kama bado kinauma leo.

Baada ya kizuizi, tazama umbali. Watu wa riwaya hizi hawagusani ovyo, na tamthilia hupimwa kwa jinsi inavyoitumia nafasi iliyo kati yao. Zima sauti katikati ya sehemu yoyote, tazama dakika tano, uone kama bado unajua nani anampenda nani. Katika mfululizo ule wa 1995 watu wengi wanakumbuka Darcy akiruka bwawani, jambo ambalo halimo kitabuni. Mimi nawapeleka wanaojifunza kutazama kwenye tukio la baadaye kidogo, jioni ile ya Pemberley, nyumbani kwa Darcy. Georgiana, mdogo wake Darcy, yuko kwenye piano, mgeni mmoja anataja kwa nia mbaya habari za Wickham, mwanamume aliyewahi kumlaghai msichana huyo, naye anababaika, na Elizabeth anaziba pengo kwa upole, akimgeuzia kurasa za muziki. Darcy yuko upande wa pili wa chumba. Anatazama tu. Colin Firth hafanyi chochote kwa mikono wala midomo, na ndipo uchumba unapofungwa, kabla ya posa ya pili. Katika filamu ya 2005, Darcy anamsaidia Elizabeth kupanda gari la farasi, kisha anaondoka huku vidole vyake vikijinyoosha na kujikunja mara moja. Picha ile ni ya muda mfupi mno, lakini ina thamani kuliko busu kumi.

Kwa kipimo hiki, kazi ninayoiweka juu ya zote ni Persuasion ya BBC ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Roger Michell. Anne Elliot ana miaka 27. Miaka minane iliyopita alivunja uchumba na mwanamaji Wentworth kwa ushauri wa mama yake wa ubatizo, kwa kuwa kijana hakuwa na mali. Sasa Wentworth amerudi na mali, na anaongea na kila mtu isipokuwa Anne. Amanda Root anamwigiza Anne akiwa amechoka usoni, bila vipodozi vya kumpendezesha, na mara nyingi yuko pembeni ya picha, mahali ambapo ndugu zake wamemweka maishani. Anayemjua shangazi au dada aliyebaki nyumbani kulea watoto wa wengine, huku umri ukizungumzwa mbele yake, hahitaji maelezo. Linganisha na toleo la mwaka 2007, ambamo Sally Hawkins anakimbia mitaani katika mji wa Bath akihema ili amfikie Wentworth, au lile la mwaka 2022 ambamo Anne anaigeukia kamera na kututolea siri zake. Mwanamke aliyenyamaza miaka minane hasimulii mambo yake kwa mgeni. Toleo la 2022 limeitupa hadithi yote kwa uamuzi huo mmoja.

Kwetu kuna kipimo cha ziada, nacho ni sauti. Wengi wetu hatuzipati hadithi hizi kwa Kiingereza wala Kituruki. Tunazipata kwa sauti za Kiswahili, kama zile zinazowekwa kwenye tamthilia za Kituruki za Azam TV, au kama TBC walivyotuletea ile ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake mwaka 2011. Masikio yetu yalifundishwa kabla ya macho. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwaka 1973, kwa hiyo kizazi kizima cha Nyanda za Juu Kusini kilijifunza maigizo kwa redio. Waliofuatilia Twende na Wakati ya Radio Tanzania kuanzia mwaka 1993 walimjua Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu, bila kuwaona. Watu hao hawadanganyiki kwa sauti.

Kwa hiyo sikiliza heshima. Binti anapomkatalia baba yake, je, Kiswahili chake bado ni cha binti? Mke mdogo anawasalimuje watoto wakubwa wa mumewe? Katika nyumba kama ile ya Adnan, nani angempa nani shikamoo, na nani angeinyima makusudi? Mfasiri hodari hujibu maswali hayo kabla ya kugusa sentensi ya kwanza, kwa sababu kukataa kwa adabu kali kunauma kuliko matusi, na lugha yetu ina ngazi zote za adabu hiyo. Sikiliza pia kimya. Waingiza sauti wavivu huogopa kimya, wakaweka mguno au "ee" mahali ambapo mwigizaji alikusudia kunyamaza. Wakiziba kimya cha Behlül ngazini, wamekuibia nusu ya sehemu.

Kuhusu maleba na mandhari nitasema kidogo. Nguo ziwe zimevaliwa, zisiwe zimetoka kwenye pasi. Nyumba iwe na kazi zinazofanyika humo. North and South ya BBC ya mwaka 2004, kutoka riwaya ya Elizabeth Gaskell, inakuingiza kiwandani ambako vumbi la pamba linaelea kama theluji, na vumbi lile lile ndilo linaloua vifua vya wafanyakazi. Mandhari ikibeba uzuri na mauti kwa pamoja hivyo, usiulize zaidi. Tamthilia hiyo hiyo ilikosea mwisho, kwa maoni yangu: Margaret na Thornton mwenye kiwanda wanabusiana kwenye jukwaa la kituo cha treni, mchana, mbele za watu. Gaskell aliwapatanisha chumbani, London, wakizungumzia fedha na upangaji wa kiwanda. Ule wa kitabuni ni bora, kwa kuwa fedha ndiyo iliyowatenga, na ilipaswa kuwepo pale kizuizi kinapoondoshwa.

Na nyumbani? Riwaya yetu ya mapenzi iliyofika mbali zaidi kwenye skrini ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Amil Shivji aliifanya filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, kisha Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo za Oscar, mara ya kwanza tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Ipime kwa vipimo vile vile. Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar ya miaka ya hamsini, ameozwa kwa Raza, mwanamume anayeweza kumzaa. Anatoroka, anapokewa na Mwajuma katika mtaa wa Ng'ambo, anampenda Denge, kijana anayetafutwa na serikali ya kikoloni. Vizuizi ni ndoa, rangi na dola, vyote vitatu kwa pamoja, na filamu haijakipunguza hata kimoja. Siti Amina, mwimbaji wa taarabu kweli, ni Mwajuma, na kila anapoingia Ng'ambo yote inaingia naye. Kasoro yake ni muda. Kitabu kina safari za Mombasa na Dar es Salaam, na kina miaka inayombadilisha Yasmin kutoka msichana kuwa mwanamke anayejiamulia. Dakika tisini na kitu zimetosha kwa Denge, hazikumtosha Yasmin. Hadithi ile ilistahili sehemu nane.

Ndiyo maana naliweka ombi hili kwa vituo vyetu vya televisheni, ambavyo vimeshathibitisha kwamba Watanzania wako tayari kukaa na hadithi moja kwa miezi. Chukueni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976: binti wa mwenye shamba anayenyimwa nafasi katika nyumba ya baba yake, anayeangukia mikononi mwa mji, kisha anajenga maisha na Sulubu, mkulima, juu ya ardhi ambayo wengine wanaitaka. Mpeni mwandishi wa muswada mwaka mzima, wapeni waigizaji muda wa kunyamaza, na msiwaweke katika jumba la kukodi lenye sofa mpya. Nawe msomaji, kabla hawajaanza, kitafute kitabu ukisome. Ukikosa dukani ulizia maktaba ya mkoa au ya chuo kilicho karibu nawe.