Macho ya Wavu

Mwoneshe mtoto wa miaka mitano mraba uliokaa sawasawa, atakutajia jina lake. Ugeuze usimame kwa pembe, atasema bila kusita kuwa hicho sasa ni kitu kingine. Wakubwa hucheka. Mwalimu wa awali anayeijua kazi yake hacheki. Dina van Hiele-Geldof na mumewe Pierre, walimu wa Kiholanzi, walilieleza jambo hili mwaka 1957: mtoto huanza kwa kulitambua umbo zima zima, kama amtambuavyo shangazi yake njiani, bila kuhesabu pande wala pembe.

Kumtoa hapo ni ufundi, nami nauheshimu kuliko ufundi mwingi unaolipwa vizuri. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kifaa cha kazi kimeanikwa nje: wavu. Si wa dagaa, macho yake ni madogo mno. Kitafutwe kipande chakavu cha wavu wa samaki wakubwa. Kila jicho lina mafundo manne na pande nne zilizo sawa. Likitandazwa vizuri, ni mraba. Watoto wawili wakivuta huku na huku, jicho hujibana: pembe mbili huchongoka, mbili hutanuka. Wakitandaza tena, mraba huo. Fundo halikufunguka, uzi haukurefuka. Basi kilichobadilika ni nini? Mwalimu huuliza, kisha hunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Tofali la kuchoma nalo lina somo lake. Uso mpana, ubavu, kichwa: mistatili mitatu isiyofanana, na mtoto huukataa ule mwembamba mpaka vidole vyake vipite kwenye kona zote nne.

Pembetatu ndiyo huonewa zaidi. Kwenye chati za ukutani hukalia kitako daima, pande zote sawa, hata mtoto akadhani nyingine ni bandia. Dawa yake ni kamba iliyofungwa ncha, ikashikwa na watoto watatu uwanjani. Mmoja akirudi nyuma, pembetatu hurefuka. Akisogea kando, huinama. Kuna siku watajipanga wote watatu kwenye mstari mmoja, pembetatu ipotee, na hapo ndipo ubishi unapoanza: nani kaimaliza, na arudi wapi ili ipatikane?