Majina Yaliyofichua Siri

Kitabu huweza kuwa kizuri na bado kikamsikitisha msomaji. Ndivyo ilivyonipata niliposoma Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952.

Nilikifungua kwa hamu. Sisi wa Kitui na Makueni tumelelewa na maajabu. Liko jiwe la Nzambani, ambalo yasemekana mwanamume akilizunguka mara saba hugeuka mwanamke, na mwanamke hugeuka mwanamume. Tena ziko hadithi za eimu, zimwi la Wakamba, zinazosimuliwa mekoni. Basi niliposoma kuwa mtawala wa Janibu huwachapa manyani wawili kila usiku, kisha huwalisha kwa huruma, moyo ulinidunda. Nilipofika Mji wa Mawe, ambamo watu wamegeuka mawe, nilijiona nimerudi Nzambani.

Lakini hamu hiyo haikudumu. Mtawala aitwa Adili. Ndugu zake ni Hasidi na Mwivu. Kabla hawajatenda lolote, msomaji amekwisha kuwahukumu. Wanapomtupa ndugu yao baharini hashtuki, maana majina yalitangulia kumwambia.

Linganisha na hadithi za nyumbani. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alikusanya hadithi za Wakamba akazichapisha mwaka 1966. Katika zile nilizosimuliwa mimi, eimu huja kwa sura ya kijana mtanashati mwenye maneno matamu. Sisi wasikilizaji tulimpenda pamoja na msichana aliyeposwa, tukalijua kosa letu pamoja naye. Hofu ile ndiyo iliyotufundisha.

Yuko atakayesema kuwa kitabu hiki kilikusudiwa kuonya, na majina ya namna hiyo ni desturi ya kale. Ni kweli. Lugha yake ni safi, na uchungu wa mtu anayewapiga awapendao hausahauliki. Lakini husuda haitembei duniani ikitaja jina lake. Hukaa nasi darasani, hucheka nasi, hata hutuazima kalamu. Kijana aliyezoea kuonyeshwa mwovu kwa jina atamtambuaje yule mwenye jina zuri?

Kisome kitabu hiki, ndugu msomaji, kwani faida yake si haba. Lakini usomapo, yafunike majina kwa kidole, uwapime watu kwa matendo yao.