Panzi kabla ya zimwi

Wasukuma wa Shinyanga na Geita wana simulizi ya Masala Kulangwa, kijana aliyeliua zimwi Shing'weng'we. Wengi huijua kwa ufupi: zimwi lilimeza watu wote na mifugo yao, hata kuku, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, naye alipokua akalipasua zimwi, watu wakatoka. Ukiikatisha hivyo, ufundi wake huuoni.

Ufundi uko pale kijana anapoanza kuwinda. Hajawahi kuliona zimwi. Anaua panzi, anarudi akiimba kwamba amelimaliza. Mama anamwambia huyo ni panzi tu, wamchome wale. Siku nyingine analeta ndege, kisha swala. Wimbo ni uleule, jibu ni lilelile, kitoweo tu ndicho kinachoongezeka. Msimulizi hodari hana haraka hapa. Watoto waliozunguka shikome, moto wa jioni uani, huanza kuupokea wimbo kwenye panzi. Ikifika zamu ya swala wanauimba wenyewe, yeye anachochea kuni. Wanamcheka kijana, na kumbe kila kicheko kinawasogeza kwa mnyama asiyechekeka. Washairi wa Misri wanaoghani utenzi mrefu wa Sira ya Bani Hilal kwa rababa wana maelfu ya beti na usiku mwingi wa kuzimaliza. Msukuma ana wimbo mmoja mfupi, na anajua aurudie mara ngapi.

Kisha kijana analipata zimwi lenyewe, analiua, na tumbo linapasuliwa. Mtoto wa Geita ambaye baba yake hushuka duarani, yaani shimoni, kutafuta dhahabu ana sababu yake ya kuingoja sehemu hii.

Lakini ninachokistaajabia zaidi ni sikio. Kisu cha Masala kinamkata sikio bibi kizee aliyekuwa ndani, naye, badala ya kushukuru, anamtukana na kutaka kumroga. Baba yake kijana ameonekana, ndugu wametoka, shangwe zimejaa, na msimulizi anasimamisha yote kwa ajili ya sikio moja. Aliyelitia humo aliwajua watu. Wapo wanaosimulia kwamba uchawi wa bibi ulishindwa kwa kuwa kijana alilindwa na marafiki zake. Wengine husema alitafuta dawa, akamponya. Mimi naipenda hii ya dawa: shujaa aliyeua zimwi analazimika kupiga magoti kutibu kidonda cha mtu anayemtukana, ndipo watu wanamkalisha kwenye kiti cha utemi.