Mantiki na Ushahidi Unaokinzana: Suala la Kitale na Bungoma

Katika mantiki ya kawaida ipo kanuni isemayo kwamba kauli ikikubaliwa pamoja na kanusho lake, lolote laweza kuthibitishwa kutokana nazo. Darasani kanuni hiyo hupita bila kuhojiwa. Udhaifu wake hudhihirika pale madai ya pande zinazopingana yanapowekwa katika jalada moja.

Mwaka 1962 Tume ya Mipaka ya Majimbo ilipokea madai juu ya Trans Nzoia, wilaya ambayo makao yake yalikuwa Kitale. Wajumbe wa Wabukusu, ambao kitovu chao ni Bungoma, walitaka iunganishwe na jimbo la Magharibi. Wajumbe wa Wakalenjin walitaka iwe katika Bonde la Ufa, na ndivyo ilivyoamuliwa. Kwa kanuni iliyotajwa, jalada hilo lathibitisha hata kwamba Kitale ni bandari. Hakuna asomaye hivyo. Lakini wapo wafanyao kosa pacha: mashahidi wamepingana, basi masimulizi yote yatupwe. Makosa yote mawili hudhani kwamba ukinzani wa mahali pamoja huharibu kila kitu.

Mpolandi Jaśkowski, mwaka 1948, alitunga mantiki ya majadiliano, ambamo neno la msemaji mmoja haliunganishwi na la mwingine kana kwamba limetoka katika kinywa kimoja. Belnap, mwaka 1977, alizipa kauli hali nne: imethibitishwa, imekanushwa, yote mawili, au hakuna lolote lililosemwa. Haki juu ya Trans Nzoia imo katika hali ya tatu. Mengine yaliyomo jaladani hubaki salama.

Anderson na Belnap, mwaka 1975, walidai zaidi: hitimisho lazima lihusiane na hoja zake. Kiswahili chaelekea kuwaunga mkono. “Mvua ikinyesha vizuri Kitale, mahindi hustawi” ni kauli timamu. “Ikiwa mahindi ni nafaka, basi Bungoma iko magharibi mwa Kenya” ina sehemu mbili za kweli, na mantiki ya kawaida huipitisha. Msikilizaji atauliza yanahusianaje. Hata hivyo -ki- huonyesha wakati pia, kwa hiyo sarufi peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Mantiki hizi zina gharama. Hoja ya “ni huyu au yule, si huyu, basi ni yule” haikubaliki tena kila mahali, kwani kauli iliyokanushwa yaweza kuwa imethibitishwa vilevile. Hasara hiyo ni ya haki: ndiyo njia ambayo upande mmoja huondolewa kabla haujasikilizwa.

Wala zisiitwe “mantiki ya Kiafrika”. Ushahidi unaokinzana ni jambo la mataifa yote. Katika mapigano ya 1991 na 1992 watu wa Trans Nzoia na Bungoma waliuawa na kufukuzwa makwao. Mantiki haiamui shamba ni la nani. Huzuia tu neno la shahidi lisitupwe kwa sababu mwingine amelipinga.